Fidia ya Alizeti Iliyokauka: Risala ya Wakulima wa Ihanja kwa Meneja wa Bima

Mgeni rasmi, Meneja wa kampuni yetu ya bima, viongozi wa kijiji, na ninyi wana-Ihanja wenzetu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

KUKUKARIBISHA
Karibu Ihanja. Tumekusubiri miezi kumi na nne, kwa hiyo leo kuwahi viti haikuwa kazi. Risala kama hii alikuwa anaandika katibu wetu, Elina. Mimi ni Andrea, mume wake, baba Abraham. Nimeishia darasa la nne, lakini wenzangu wamesema niisome mimi.

TULIKOTOKA
Sisi ni wakulima ishirini na sita. Mtu wenu alitushawishi tukate bima ya ukame, tukakata. Mwaka jana mwezi wa pili mvua ikakatika, alizeti ikakauka na maua yake. Tukapiga simu kwenu siku ileile.

Hapo tukakosea, tunakiri. Huku kwetu shamba likifa unaingiza mifugo, yako na ya jirani. Ukimnyima jirani mabua, wewe mchoyo. Tukaingiza. Elina peke yake alikataa, akazungushia shamba lake miiba. Tulimcheka: "Mama Abraham anafuga mabua!" Hata mimi nilimwambia, "Ng'ombe wanakonda, mama." Akanijibu, "Karatasi ya bima imesema waone kwanza. Acha waone."

CHANGAMOTO
Mtathmini wenu alifika baada ya wiki tisa. Akasimama shambani kwa mwenzetu Alphonce, akauliza, "Wazee, hapa mlilima nini? Naona vumbi."

Alphonce akamjibu, "Waulize ng'ombe, bwana. Wao ndio walioona mwisho."

Sisi tulicheka, yeye akaandika kwamba hatukulima. Wiki tisa, mgeni rasmi! Ninyi wakubwa mkichelewa ni utaratibu, sisi tukikosea ni udanganyifu.

Elina akampeleka kwenye miiba yake, mabua yakapigwa picha. Mashamba yetu yamepakana, mbegu moja, mvua moja. Baada ya hapo alikwenda ofisini kwenu Singida Mjini mara saba, anaambiwa arudi wiki ijayo. Mwezi wa kumi akaugua, akafariki. Hatusemi bima ndiyo imemuua. Tunasema alikufa akiwa bado anatakiwa kurudi wiki ijayo.

MAFANIKIO
Leo mmetulipa wote, kwa ushahidi wa shamba lile moja. Tumepumua, mgeni rasmi, lazima tuseme. Mbegu tutanunua. Mwenzetu Rebeka hapeleki tena maksai wake mnadani. Tunashukuru.

MAOMBI
Mtathmini afike ndani ya siku kumi. Na anayeuza bima atuambie kwa mdomo wake kwamba shamba lisiguswe, asituachie maandishi madogo ya kusoma kwa miwani.

La mwisho. Kwenye orodha yenu jina la Elina mmeliweka chini kabisa, mmeandika marehemu. Tunaomba lisomwe la kwanza. Nitaitika mimi.

Mungu akufikishe salama kwako, atupe mvua, tusikutane tena kwa jambo kama hili.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakulima wa Alizeti Mkaza Moyo, Ihanja.