Matundu ya Ghala la Popo

Kijiwe chetu kipo Simbo, pembeni ya barabara, kwenye benchi la Mzee Castory muuza kahawa, na ukweli niuseme mapema: sisi ni wanaume wazima tunaoogopa popo. Ng'ambo ya barabara kuna shamba la michikichi lililokufa zamani. Maghala yake na banda la kukamulia mawese yalibaki na popo tu, weusi darini kama masizi. Sasa watu wa mradi wamepaka chokaa, wameweka vioo na picha, wanasema ni makumbusho ya kuwatunza hao popo, na kesho yanafunguliwa. Leo asubuhi hakuna aliyekuja kunywa kahawa kwa raha. Tulikuja ili tuogope pamoja.

— Mwakeye, mmeamkaje jamani. Mmeona kibao? Makumbusho ya popo! Popo anakumbukwa kwa lipi? aliuliza Thobias, ambaye tunamwita Methali, kwa sababu methali zote anazijua na hakuna hata moja anayoiweka mahali pake.

— Kwa kukunyea, alijibu Heritier, muuza dagaa wa Ujiji. Huyu jina lake la kijiweni ni Redio.

— Cheka tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Popo akija, mwenyeji anaugua.

— Methali, hiyo umeipindua.

— Si popo mwenyewe analala kichwa chini?

Tulicheka, ila Kurwa hakucheka. Kurwa ni fundi wa mabati, uwanja wake umepakana na lile shamba. Mkewe kajifungua juzijuzi, mtoto hajafikisha arobaini, kwa hiyo mama na kichanga wanashinda ndani, hawatoki.

— Nyie chekeni, alisema. Popo ana magonjwa. Mwanangu pua yenyewe kama punje ya mahindi. Atapigana na nini?

— Magonjwa ni madogo, bwana, alisema Redio. Mimi nimewaona wale wa mradi kwa macho yangu haya, wanamfunga popo kidude mgongoni. Akipita juu ya paa lako anasikiliza unaongea nini na mkeo.

— Ndiyo maana! Methali akaruka. Nikimwambia mke wangu siri leo, kesho hadi kijiji cha Mwandiga wanayo!

— Huyo ni mkeo, si popo, alisema Mzee Castory.

— Mzee, bandu bandu huisha gogo.

— Gogo lipi tena?

— Mtu! Wanakunyonya kidogo kidogo. Wakikumaliza wewe wanahamia kwa jirani. Na kesho wakubwa wanakuja kufungua. Nyumba kama ile haifunguliwi hivihivi. Itataka damu changa.

Kila mtu akatafuta pa kutazama, asimtazame Kurwa. Nilitaka kumwambia Methali afunge domo lake, lakini hata mimi nilishaanza kumwamini.

— Acheni kuhangaika, Kurwa alisema polepole. Kazi nimeshamaliza.

— Kazi gani?

— Jana jioni. Nilisimama nje ya ghala nikasubiri watoke kwenda kula. Wakatoka kundi kwa kundi, mpaka juu kukawa kweusi. Walipoisha nikaweka ngazi, nikaziba kila tundu. Udongo na makapi ya chikichi. Ile ikikauka, hata sisimizi hapiti. Kesho wakubwa watafungua nyumba tupu.

— Fundi! Redio alipiga paja. Fundi wa kweli!

Mzee Castory alimjazia kikombe bila kuombwa. Nami niseme kweli, nilipumua kwa mara ya kwanza tangu kile kibao kisimamishwe.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka binti mwenye fulana ya mradi. Tulimfahamu kwa sura. Ni Yasmini wa Mwandiga, atakayewatembeza wageni humo ndani.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Samahani, wazee wangu. Natoka ghalani. Matundu yamezibwa, ndani hakuna popo hata mmoja.

— Mungu mkubwa, alisema Methali.

— Sikuja kumtafuta aliyeziba. Nauliza kitu kimoja tu. Popo akishashiba, alfajiri anarudi kulala gizani. Hawa wamerudi, wamekuta pamezibwa. Sasa wameingia wapi?

Redio aliinua macho taratibu kwenye bati lililo juu ya benchi letu. Mimi niliyatazama mapaa ya Simbo moja baada ya jingine, na kila moja liliniogopesha. Ukitoka ghalani, nyumba ya kwanza ni ya Kurwa. Na Kurwa ni fundi wa watu. Paa lake mwenyewe hajalimaliza, kati ya ukuta na bati mkono mzima unapita.

Kurwa aliweka kikombe chini. Aliondoka kwa mwendo wa kawaida, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Alipovuka barabara tukamwona anakimbia, huku anamwita mkewe kwa jina.

Hakuna aliyemfuata. Tuliogopa.