Torogo Anashindwa Aje?

Benchi letu la kahawa liko Bondeni, mkabala na kibanda ambapo Kibii huchora majina ya maduka kwenye mabati. Jumanne hiyo alivuka barabara akiwa na rangi nyekundu mpaka masikioni, akaketi bila kusalimia mtu. Msichana wake Kimberly, wa miaka minane, alikuwa atolewe mafindofindo kesho yake asubuhi, na alikuwa ameapa haingii thieta.

— Haogopi kisu, Kibii alisema. Shida ni Torogo.

— Torogo ni nani? Ni wa Naivasha? aliuliza Odongo, soja wa stoo ya mahindi, tunayemwita Jenerali.

— Ni mungu wa vita. Nimemtunga mimi. Kila jioni namwambia Kimberly hadithi yake. Ana mikono sita, anakula ngao, nchi yote ya Sarumbe inamtoroka. Sasa mtoto anasema halali kwa meza ya daktari kabla ajue Torogo anashindwa aje. Na mimi sijui! Nilimfanya mkali sana.

— Hiyo ni rahisi, boss, Jenerali akasema. Mshonee sweta. Akishaingiza kichwa, hajui mkono gani uende wapi. Mnamfunga hapo hapo.

— Ataipasua.

Hiram, mwalimu mstaafu tunayemwita Profesa, akaweka kikombe chini.

— Mpelekeni machimbo ya Kariandusi. Amwagiwe gunia moja ya ile vumbi nyeupe, apige chafya. Mungu akipiga chafya, nguvu zinamtoka kwa pua.

— Hiyo umesoma wapi, Profesa? Kibii akauliza.

— Lazima nisome?

— Afadhali apeleke maombi ya kitambulisho, Jenerali akasema. Vidole thelathini! Mashine itakwama. Bila kitambulisho hapati laini ya simu. Sasa atatangaza vita na nini?

— Mfanyeni mwenyekiti wa kamati ya harusi! Profesa akasimama. Wiki mbili tu, atalia kama mtoto!

— Wazee, Kibii akasema. Msichana wangu akilala hapati hewa vizuri. Lazima aingie kesho.

Edinah, mama aliyehamia ploti ya nyuma wiki hiyo, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Samahani. Kwani huyo Torogo anapigania nini?

Kibii, mwenye Torogo, akakiri kwamba hata hilo hajawahi kulitunga.

Asubuhi hospitalini akamwambia Kimberly ukweli: hajui Torogo anashindwa aje, na hata hajui anapigania nini. Mtoto alikuwa analia. Akaacha, akakunja uso, akaanza kufikiria. Nesi akasukuma kitanda, naye bado anafikiria. Walipofika mlangoni, akainua mkono.

— Baba, nimejua! Nikitoka nitakuambia.

Saa tano akatoka salama. Saa nane tulikuwa hapo sote, na chupa ya kahawa. Lakini daktari alikuwa amemkataza kuongea, kwa hivyo Jenerali akampa kalamu na karatasi. Tukainama juu ya kitanda, Kibii mbele.

Kimberly akaandika polepole, herufi kubwa: AISKRIMU KWANZA.