Makofi ya Nyuma ya Kioo

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na ng'ambo ya njia kuna kiwanja cha padeli kilichozungushiwa vioo. Watu wanacheza humo wawili kwa wawili, wavu katikati, na raketi zao hazina nyuzi, ni kama ubao mnene wenye matundu. Kioo cha nyuma kiko karibu nasi kiasi kwamba mpira ukikigonga sawasawa, vikombe vyangu vinatetemeka. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, kwa hiyo kijiwe ni changu, ingawa sijawahi kusikia mtu akilitamka hilo. Wateja wangu wa kudumu ni Wembe, kinyozi mwenyewe. Breki, dereva wa lori. Na Chaki, mwalimu aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kusahihisha watu. Anayecheza ni Wembe peke yake. Sisi wengine kazi yetu ni kushangilia, na hiyo tunaiweza.

Jioni ile Wembe alitoka dukani na raketi yake kwapani, akakaa bila kusalimia. Nikammiminia kahawa, akaiacha ipoe. Nilijua kuna jambo, maana huyu bwana hupigania kikombe cha kwanza.

Ilikuwa habari ya mama mkwe. Mwenzake kiwanjani ni mama mkwe wake, nesi mstaafu, na hapo msicheke. Tangu Wembe aoe, yule mama alikuwa akimpa salamu tu, basi. Alimtakia bintiye mume wa ofisini, akaletewa mwenye mkasi. Daktari alipomwambia afanye mazoezi, akakosa wa kucheza naye, Wembe akajitolea. Kuanzia hapo wakawa wanaongea, kwanza habari za mpira, halafu za wajukuu, halafu za chochote. Sasa jana walifungwa vibaya, na makosa yalikuwa ya Wembe. Mama alifunga begi lake, akasema neno moja, "Nitafikiria," akaondoka.

— Anatafuta mtu mwingine, Wembe akasema. Na Jumamosi tuna mechi. Akinitema kiwanjani, nyumbani tutarudi kwenye salamu.

— Raketi hiyo, Breki akasema. Raketi ndiyo mchawi.

— Na mimi naona hivyo. Hii ya kwangu haina huruma, nikikosea kidogo tu nimeharibu. Muuzaji anasema zipo zinazosamehe makosa, ila wengi wanaozichukua ni watu wa kujilinda. Mimi nashambulia. Nataka inayosamehe, lakini inayouma.

Akatueleza alivyoelezwa. Raketi ya duara ina sehemu nzuri ya kupigia, pana, katikati kabisa. Ukikosea kidogo bado mpira unaenda. Ya almasi, kama yake, uzito wote uko kichwani. Inapiga kama nyundo, lakini sehemu nzuri ni ndogo na iko juu. Katikati ya hizo kuna yenye umbo la tone la maji. Mtu mwenye akili timamu angekuwa ameshapata jibu. Lakini hapa ni kijiweni.

— Chukua nzito kuliko zote, Breki akasema. Lori tupu linarukaruka njiani. Lipakie mzigo, linatulia.

— Huyo si lori, ni kinyozi, Chaki akamkata. Tatizo ni matundu. Hewa inapita humo, nguvu inapita humo humo. Chukua gundi, ziba yote.

— Sasa akiziba, raketi itapumuaje?

— Kwani inapumua?

— Wewe si ndiye umesema hewa inapita?

Chaki akanywa kahawa kupata muda. Wembe akaingiza habari ya sponji iliyo ndani ya raketi, kwamba kuna ngumu na kuna laini, na laini inasaidia ukipigia pembeni, tena kiwiko hakiumi. Hapo akajishika kiwiko bila kujijua. Mkono ule ndio unaoshika wembe kwenye shingo za watu, mimi nikiwa mmoja wao, kwa hiyo nilisikiliza kwa makini.

— Laini? Chaki akasema. Ukitaka laini nunua mto.

— Mimi ningebeba mbili, Breki akasema. Ya duara mkono huu ya kusamehe, ya almasi mkono huu ya kuadhibu.

— Na mpira wa kuanzia atarusha kwa kitu gani, kwa meno?

— Mama mkwe amrushie. Si wako pamoja?

Walikuwa wamefika kwenye kutengeneza raketi ya kukunja, yenye bawaba, nilipomwona mama mwenyewe anavuka njia, begi begani, kwa ule mwendo wa manesi wa kuelekea kitanda cha mgonjwa asiyetii. Alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Wembe alisimama haraka, raketi ikaanguka. Nikafuta benchi kwa kitambaa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mnajadili nini?

Chaki akampa ripoti yote, matundu na bawaba pamoja, kama vile amekuja mkaguzi wa shule. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Kumbe ninyi ndio mnaopiga makofi huku nyuma?

— Ni sisi, mama, Breki akasema kwa fahari. Wembe akiupiga ule unaokuja huku moja kwa moja, paa, kioo kizima kinatikisika, hapa hakai mtu.

— Hebu nisaidieni basi. Mpira ukigonga kioo cha wapinzani kabla haujagusa chini, pointi inakuwa ya nani?

Breki akamtazama Chaki. Chaki akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikatikisa birika, ingawa nilijua lina nini. Tumekaa nyuma ya kioo kile tangu kiwanja kifunguliwe, tumeshangilia mpaka sauti zimekauka, na hakuna aliyewahi kuuliza.

— Ni ya kwao, mama, Wembe akasema polepole.

— Na unajua.

— Najua. Ila nikisikia makofi, mkono unaenda wenyewe.

Niliona haya, sitaficha. Kila vikombe vyangu vilipotetemeka, yule mtu alikuwa amepoteza pointi, na sisi tumesimama kumpongeza.

Mama akafungua begi, akatoa raketi ambayo hatukuwahi kuiona. Umbo la tone la maji.

— Sponji yake ni laini kiasi, akasema, na kichwa si kizito. Ukichelewa, mpira unaupigia chini ya katikati, na yako hapo haina kitu. Hii inayo. Nimeiazima kwa mwalimu wa kiwanja, uijaribu kabla ya Jumamosi. Jana nilipokuambia nitafikiria, nilikuwa nafikiria hii.

— Nilidhani unatafuta mwingine wa kucheza naye.

— Wa nini? Magoti yangu hayawezi mipira ya juu, hiyo ni yako. Endelea kushambulia. Ila shambulia kiwanja, mwanangu, achana na kioo.

Hilo "mwanangu" nililisikia. Kwa miaka yote hiyo Wembe alikuwa "baba wa wajukuu zangu". Aliipokea raketi kwa mikono miwili, kisha akanigeukia akataka kahawa ya mama, na birika lilikuwa tupu. Kwa kawaida kahawa ikiisha, nafunga jiko na mjadala unakufa. Jioni ile niliwasha moto tena bila kuombwa.

Maji yakiwa jikoni, wao wakaingia kiwanjani kujaribu. Mama alisimama upande wetu akampigia mpira wa juu, mrefu. Wembe akarudi hatua, akachelewa kidogo kama kawaida yake, akaupiga. Ukagonga sakafu kwanza, ukampita mama, ndipo ukagusa kioo. Vikombe vyangu havikutikisika.

Breki alikuwa ameinua mikono, ameishikilia hewani. Akanitazama.

— Sasa?

— Sasa, nikamwambia, na tukapiga makofi.