Historia ya Anold Sifael Mchome, Fundi wa Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Mchungaji, mama mfiwa, nanyi nyote mliopanda mlima kwa mvua hii, anayewasomea ni Hezroni, baba mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa ukoo.

Anold alizaliwa Mhezi tarehe 14 Machi 1992, kitinda mimba wa marehemu kaka yangu Sifael na mama Koleta, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Same mjini, na mwaka 2016 akahitimu Dar es Salaam shahada ya baiolojia ya molekuli, yaani elimu ya kusoma vinasaba vya vijidudu vya magonjwa, nasi tukachinja mbuzi bila kuuliza nani atamwajiri.

Tarehe 5 Oktoba 2019 alifunga ndoa na Asteria wa Ngujini, wakajaliwa binti, Careen. Kazi ya fani yake aliipata mara moja tu, katika maabara ya mpakani wakati wa korona, kuanzia Juni 2020, na mwaka uliofuata wafadhili walifungasha virago, naye akarudi. Hospitali moja ya huku ilikuwa imeletewa mashine ya vinasaba, akaomba kazi mara tatu, akajibiwa kwamba shahada yake haimo katika orodha ya zinazosajiliwa kwa kazi za maabara, mashine ikafunikwa kitambaa, yeye akalima tangawizi na kufundisha tuisheni, vijana wakimwita Profesa Tangawizi, na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Mei 2022 alipata barua ya kuitwa kazini katika maabara Nairobi, kwa mshahara mara tano ya ule wa mwalimu wa hapa. Tarehe 12 Juni niliitisha kikao cha ukoo, tukaamua kwamba kitinda mimba ndiye mwenye nyumba ya baba na nyumba hiyo haitiwi kufuli, naye akaitikia kwa heshima, akaikunja barua, hakuitaja tena.

Novemba 2024 alianza kukohoa. Dawa za kifua kikuu hazikumsaidia, akalazwa katika hospitali ile ile iliyomkatalia kazi, na tarehe 3 Februari 2025 makohozi yake yalipelekwa Dar es Salaam, kwa kuwa mashine iliyokuwa vyumba viwili kutoka kitanda chake haikuwa na wa kuiendesha. Mara mbili aliomba aiwashe mwenyewe, wakamsihi alale. Alifariki tarehe 9 Machi. Majibu yamefika jana, yanasema dawa ya kumtibu ipo, na kweli ipo, kabatini pale pale hospitalini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, walimu wenzake wa tuisheni, pamoja na wajumbe wa kikao cha tarehe 12 Juni, ambao leo mmefika wote. Asteria anarudi kwao Ngujini na mtoto, mama Koleta namchukua kwangu, na ile nyumba nimeitia kufuli asubuhi hii kwa mkono wangu.

Pumzika, mwanangu Anold, na amani tuliyokunyima sisi uipate huko.