Mguu wa Mama Sponji na Mnyororo wa Protini

Benchi la pale kona, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, zamani lilikuwa kochi la watu watatu. Mwenye kochi alihama mtaa bila kulifuata kwa fundi makochi, likavuliwa kitambaa, likatolewa sponji, zikabaki mbao na wanaume wa kuzikalia. Ukipita hapo asubuhi utamkuta Spoku, mwenye kibanda, ameinamia gurudumu. Zege, fundi mwashi anayesubiri saruji ambayo kila siku inakuja kesho. Na Kipaza, msoma mita za maji, ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba kwa nyumba lakini miguu yake inajua njia moja tu, ya benchini. Pembeni kuna birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Hapo hakuna jambo lisilojulikana. Walishawahi kumaliza suala la umeme mpaka waya wa mwisho, na mchana huohuo umeme ukakatika kama vile hawakusema kitu. Siku hiyo aliyekuja na swali alikuwa Sponji, fundi makochi, jirani wa ukuta kwa ukuta na kibanda, na Sponji hakuwa mtu wa maswali. Alikaa na nyundo mkononi, amesahau alikuwa akigongea nini.

Kipaza: Vipi, kaka? Mbona umekuja na silaha?

Sponji: Mguu wa mama.

Mguu huo wote waliujua. Mama yake alikuwa akianua nguo, bati la uani likamkata chini ya goti. Alishonwa, nyuzi zikatolewa, watu wakashukuru, halafu kidonda kikafunguka upya, na sasa kiganja cha mtu mzima ndicho kingetosha kukifunika.

Sponji: Leo nimempeleka kusafishwa. Muuguzi anasema dawa anazo, usafi upo, ila mwili hauna protini. Tukirudi wiki ijayo bila dalili ya nyama mpya, daktari ataingia na kisu, na hajui kisu kitaishia wapi.

Zege: Kitaishia wapi kivipi?

Sponji: Sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Kipaza ukimya humwasha mwili mzima, hivyo akamimina kahawa na kuanza.

Kipaza: Protini ni aina ya vitamini. Ile ya rangi ya chungwa.

Spoku: Acha hizo. Protini ni nguvu. Wale vijana wanaonyanyua vyuma si wanainunua kwenye makopo?

Zege: Mama yake ananyanyua vyuma?

Spoku: Mimi nimesema anayenyanyua nani, au nimesema inauzwa kwenye nini?

Sponji: Jamani. Muuguzi alinieleza, tena nikaelewa vizuri kabisa, mpaka nilipotoka mlangoni. Alisema protini ni mnyororo.

Spoku aliacha gurudumu. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, sayansi ilikuwa imekuja kibandani kwake yenyewe.

Spoku: Mnyororo. Endelea.

Sponji: Mnyororo mrefu, pingili kwa pingili, halafu umejikunja. Kila mmoja na mkunjo wake, kila mkunjo na kazi yake. Ukila, tumbo linaukata pingili moja moja. Kisha mwili unaziokota unaunga minyororo yake wenyewe: ya ngozi, ya damu, ya nywele, ya kucha. Mingine inakuwa askari wa kupigana na vijidudu. Mingine inasaidia chakula kisagike.

Spoku: Basi kwisha. Mnyororo ukigoma unatiwa mafuta. Mama anakula mafuta?

Zege: Wewe nawe. Shuleni tuliambiwa vyakula vya kujenga mwili, na kujenga ni kazi yangu mimi, si yako. Ukuta haupakwi mafuta. Ukishamwaga zege usipolimwagilia linapasuka, na huyo mama amepasuka. Anakunywa maji?

Sponji: Maji anayo. Miguu imejaa mpaka vifundo havionekani. Mimi nilikuwa nafurahi, nasema bi mkubwa ameanza kunawiri. Muuguzi akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki palepale. Akasema hiyo nayo ni protini.

Kipaza: Si umesema hana?

Sponji: Hana. Ndiyo maana amevimba.

Kipaza: Hana, kwa hiyo amejaa.

Sponji: Miguu tu. Mikono imekwisha. Anasema mwili usipopewa protini unaanza kujila wenyewe, misuli kwanza, kwa sababu hauna ghala la kuiwekea akiba.

Zege alihesabu jambo fulani kwa vidole, akarudia, akakata tamaa.

Zege: Ngoja tuelewane. Juu amekonda, chini amenenepa, na vyote viwili vimesababishwa na kitu kimoja ambacho hakipo.

Sponji: Hivyo hivyo.

Zege: Hapo umeniacha kituoni.

Kipaza: Kwa sababu hujui maji. Nyumba ikila maji mengi na ndoo hazijai, kuna bomba linavuja chini. Protini inaingia mdomoni, inashuka, inataka kutokea kwenye kidonda, inakuta bandeji, inarudi kujikusanya mguuni. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Spoku: Walikuwa wanasema akiba.

Kipaza: Na yeye si amejaza?

Sponji aliwasikiliza mmoja mmoja, akitafuta kamba ya kushika. Alikuwa mtu wa kazi za kuonekana: kochi likibonyea, unalifungua, unaona mkanda uliokatika, unafunga mwingine. Mama yake hakuweza kumfungua akaona kilichokatika. Kila usiku alimsikia akigeuka kitandani na kuuma meno asiwaamshe wajukuu, na kila asubuhi alimwambia ameamka salama.

Spoku: Kwani hasa anakula nini?

Sponji: Supu. Kila siku ya Mungu. Tumejifunga mkanda, lakini nyama haikosi jikoni. Mke wangu anaibandika alfajiri, inachemka mpaka inaachia mfupa, nguvu yote inaingia kwenye maji. Anachuja, anajaza chupa ya chai, mama anakunywa mpaka jioni.

Zege: Supu ndiyo yenyewe.

Spoku: Mgonjwa na supu, mlango na bawaba.

Kipaza: Hapo huna lawama hata mbele ya Mungu.

Sponji akapumua. Alichoogopa tangu atoke kwa muuguzi ni mtu kumwambia kwamba amemnyima mama yake chakula. Mama huyo alimlea peke yake kwa kufua nguo za watu, na neno hilo moja lingemmaliza.

Zege: Mayai je?

Sponji: Tumemkataza. Jirani anasema yanaleta usaha.

Zege: Vizuri. Maharage?

Sponji: Yanajaza gesi.

Zege: Samaki usijaribu, anawasha kidonda.

Sponji: Hata dagaa tumeondoa.

Spoku: Sawasawa. Mgonjwa lazima alindwe.

Ndivyo walivyomlinda yule mama, mtaa mzima kwa umoja wao, mpaka sahani yake ikabaki na uji mweupe. Wenye benchi hawakuliona hilo. Walichoona ni fumbo jipya: supu inaingia, protini haionekani. Wakajipanga vizuri kulishambulia. Wakati huo alifika dada mmoja mwenye koti la kiwandani, akisukuma baiskeli yenye pancha. Spoku alitoa mpira wa ndani, akapaka gundi, akaweka kiraka, akamwambia asubiri kikauke. Dada akapewa kikombe na ncha ya benchi.

Sponji: Zile pingili zina jina. Asidi amino.

Spoku: Asidi? Ya betri?

Sponji: Sidhani. Anasema ziko ambazo mwili hauwezi kabisa kujitengenezea, lazima zitoke sahanini.

Kipaza: Basi zimechuja. Betri ikichuja si unaiongezea maji yake? Mpe limau.

Zege: Kwenye kidonda?

Kipaza: Mdomoni, bwana. Mimi si mnyama.

Spoku: Ninyi mnazunguka, na jibu liko kwenye mnyororo. Mnyororo wa baiskeli ya gia hauingii kwenye baiskeli hii ya mzigo. Utaulazimisha, utakatika. Sasa mama yako ni binadamu, na supu ile ni ya ng'ombe. Mnampa mnyororo usio saizi yake.

Zege: Kwa hiyo unataka ale nani?

Spoku: Sijafika huko.

Zege: Maana hapo umebakiza mtu mmoja tu wa kumla, na ni mimi niliyekaa karibu nawe.

Sponji: Lakini muuguzi alisema unakatwa kwanza, ndiyo unaungwa upya. Wa ng'ombe hauingii kama ulivyo.

Spoku: Anayeukata ana zana za kukatia?

Sponji alijaribu kukumbuka kama muuguzi alitaja zana. Kichwani mwake minyororo ilikuwa imeshachanganyika na mabomba, mabomba na saruji, na katikati ya vurugu hiyo mguu wa mama yake ulikuwa umelala juu ya mto, hausemi kitu.

Kipaza: Tulia, nimelipata. Umesema nywele ni protini.

Sponji: Ndivyo alivyosema. Na kucha.

Kipaza: Na wahenga wamesema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi akili ni protini.

Wote wakageuka kutazama upara wa Spoku. Ulikuwa unang'aa bila kosa lolote.

Spoku: Msinitazame.

Kipaza: Sikutaji jina. Nasema tu kwamba kinyozi wa ng'ambo ile kila jioni anafagia protini gunia zima, anakwenda kuitupa, na huku mama wa mwenzetu anateseka.

Zege: Unataka mama wa watu ale nywele?

Kipaza: Sijasema ale. Zinasagwa. Zinatiwa kwenye supu.

Zege: Hizo hazisagiki tumboni hata ukizichemsha mwaka.

Kipaza: Mchagua jembe si mkulima.

Sponji: Kipaza, ni mama yangu.

Alisema kwa sauti ya chini, na Kipaza akashusha macho, kwa sababu hata yeye alimpenda bibi huyo. Zamani, akija kusoma mita, alikuwa hatoki nyumba ile bila kupewa chochote cha kutafuna.

Zege: Basi tufuate ng'ombe mwenyewe. Anakula nyasi, anatoa nyama. Kwa hiyo protini ya kwanza iko kwenye...

Dada: Samahanini.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa ameshika kikombe kitupu, akimtazama Sponji.

Dada: Mimi nasubiri gurudumu, na mambo haya siyajui. Ila kuna kitu kimoja kimenipita. Ile nyama iliyochemshwa, supu ikishachujwa, anakula nani?

Zege alimtazama Spoku. Spoku alimtazama Kipaza, na Kipaza, aliyekuwa na jibu la umeme, la maji na la nywele, akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

Sponji: Yale makapi?

Dada: Mimi sijui jina lake. Ile nyama.

Sponji: Yale si yameshatoa...

Hakumaliza. Jibu alikuwa nalo, na alikuwa nalo peke yake pale benchini. Siku ya kwanza ya supu, mama yake alisema kutoka kitandani, mimi mgonjwa ninywe nguvu yenyewe, makapi mpeni mwanangu, anagonga misumari mchana kutwa. Walimtii. Na Sponji aliyala yale makapi kila mchana, kwa chumvi na limau, na yalikuwa matamu, na hakuna siku aliyotoka mezani hajashiba.

Spoku: Lakini nguvu si inaingia kwenye maji?

Dada: Sijui, kaka. Nimeuliza tu. Nimeona mnasema inachemka mpaka inaachia mfupa, nikajiuliza, ikishaachia inakwenda wapi.

Mke wa Sponji alitokea kwenye kona, kitambaa kichwani, bakuli mikononi limefunikwa kwa sahani. Aliwasalimia shemeji zake wote kwa mkupuo mmoja, wakaitikia kama watu waliofumaniwa.

Mke: Baba watoto, nimekukosa kule karakana. Mama kasema uile ingali moto.

Sponji aliweka nyundo chini, akapokea, akafunua. Nyama ilikuwa nzima, vipande vinene vilivyolala kimoja juu ya kingine, na mvuke wake ukawafikia wote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya aibu ulikuwepo uchungu, kwa sababu hapakuwa na mtu mbaya nyumbani mwake. Walimpenda yule mama wote, wakakesha naye, wakampa maji.

Mke: Mbona huli?

Alifunika bakuli, akasimama nalo.

Mke: Sasa unaipeleka wapi?

Sponji: Kwa mwenyewe.

Mke: Mama? Meno yake unayajua.

Sponji: Nitamkatia ndogo ndogo.

Alikuwa ameshavuka mtaro Kipaza alipomwita.

Kipaza: Sponji. Lakini hatujajua. Nguvu iko kwenye maji au iko kwenye nyama?

Sponji hakugeuka, bakuli lilikuwa la moto na alikuwa na haraka.

Sponji: Sijui. Atapata vyote viwili. Popote ilipo, itamfikia.