Mpelelezi Asiyesalimia

Kwenye gari la kutoka Nkololo kwenda Bariadi, nyuma yangu walikaa wanachuo wawili, Specioza na Ngassa, wanaotengeneza filamu ya kusisimua kwa ajili ya mtihani wao. Walikuwa wameionyesha kijijini kabla ya kurekodi mwisho wake, ili watu wabashiri muuaji. Wote, hadi katekista, walimtaja mpelelezi, anayeigizwa na Ngassa mwenyewe.

"Kisa ulipita mbele ya wazee bila salamu," Specioza alisema huku akicheka.

"Namkimbiza muuaji, halafu nisimame niseme mwangaluka?"

Kitendawili hicho hata mimi kilinishinda, maana sisi wa huku tukimaliza kusalimiana, muuaji atakuwa ameshafika Maswa.

"Basi tukufanye wewe ndiye muuaji. Watazamaji wameshaamua."

"Spe, mama yangu anakuja kuitazama Jumapili."

"Si ndiyo vizuri? Kuua, atajua ni filamu. Kuwapita wazee bila salamu, atajua ni wewe."

Gari zima likaangua kicheko, nami nikashika mbavu. Tuliposimama stendi, Ngassa aliniinamia. "Bibi, na wewe ungesema muuaji ni mimi?"

Nikamwambia atangulie kushuka, kwanza nimwone anavyopita mbele za watu.