Bi. Quách Thị Miên na Mstari wa Mafuriko Ukutani

Wafiwa, majirani, waongoza watalii mlioegesha baiskeli zenu pale nje, na wewe jirani yetu Lữ uliyewahi kiti cha mbele: poleni sana. Mimi ni Út, mdogo wake marehemu na mjomba wa watoto wake. Wasomi katika ukoo huu wapo, lakini marehemu alitaka nisome mimi, kwa sharti moja. Alisema, "Út, kabla sijafunikwa udongo, waambie watu ukweli wa ule mstari wa ukutani. Usipousema, nitaamka niusome mwenyewe." Mnamjua, angeamka. Kwa hiyo nitausema, ila mniache nitembee kwa hatua zangu.

Marehemu Bi. Quách Thị Miên alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 hapa Hội An, katika nyumba yetu ya Mtaa wa Bạch Đằng, ukingoni mwa mto. Baba yetu alikuwa hayati Mzee Quách Diêu, muuza dawa za mizizi, na mama yetu hayati Bi. Thái Thị Nhẫn. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mimi nilifuata mwaka 1957, na mama aliponitazama vizuri akaamua inatosha.

Nyumba zetu za mtoni mnazijua. Maji yakiingia, vitu vinapandishwa darini kupitia tundu la dari, na yakitoka, mwenye nyumba anachora mstari pale tope lilipoishia na kuandika mwaka pembeni. Novemba 1964 yalikuja maji ambayo wazee hawakuwahi kuyaona. Yalipopungua, baba alikuwa hoi kwa kuzoa tope, akanipa kopo la rangi nyekundu. "Kachore," akasema. Nilikuwa na miaka saba. Dada alikuwa na kumi, na ndiye aliyenishikia stuli. Sasa, nyumba ya pili Lữ naye alikuwa juu ya stuli anachora mstari wa kwao, na alinipigia kelele dirishani, "Yetu yamefika juu kuliko yenu!" Mimi nishindwe na Lữ? Nikanyoosha mkono mpaka kwapa likalia, nikachora viganja viwili juu ya tope. Dada akaniambia kwa sauti ya chini, "Út, maji hayakufika hapo." Nikamwambia, "Shika stuli."

Baba hakugundua. Aliupenda mstari ule, akawaonyesha wageni wake wote mpaka alipofariki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka sitini na mmoja. Lữ, usicheke, bado sijamaliza.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha sekondari hadi mwaka 1969, vita vilipomtoa darasani. Alikuwa akishika namba moja au mbili. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hesabu za kichwani nilimshinda, na hilo hakulikana hata siku moja, kwa sababu sikumwuliza. Kiingereza alijifunza akiwa na miaka thelathini na minane, kwa kaseti, huku akimenya vitunguu. Mpaka leo nikisikia Kiingereza macho yananiwasha.

Tarehe 12 Februari 1978 aliolewa na Bw. Huỳnh Sừ, seremala wa Kim Bồng, ng'ambo ya mto. Shemeji alikuja kwetu kurekebisha mfuniko wa tundu la dari, kazi ya nusu siku. Akaja siku tisa. Siku ya kumi baba akamwuliza, "Kijana, mfuniko huo unautengeneza au unaulea?" Mwezi uliofuata wazee wake walivuka kwa mtumbwi na sinia la tambuu na popoo kuja kuposa, wakalowa mpaka kwenye mifupa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Thục na Khởi.

Baada ya miaka mingi katika ushirika wa kufuma mikeka, marehemu alianza kutembeza wageni kwa miguu mwaka 1993, na mwaka 1996 akapata leseni. Mwaka 1999 akaongeza baiskeli, tano, zote kuukuu, na shemeji akazitengenezea vikapu vya mianzi. Asubuhi alikuwa akiwapitisha wageni kwenye vichochoro, visima na sokoni, anawaketisha kwenye bakuli la tambi za cao lầu, halafu wanapanda baiskeli kwenda Trà Quế kwenye bustani za mboga, au wanavuka kwenda kwa maseremala. Yeye alikuwa mbele na kofia yake pana ya majani. Kengele moja, simama. Kengele mbili, bata barabarani. Wapo watakaowaambia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli. Ni kweli, mimi ndiye ninayewaambia. Yeye alidai nilimsukuma tu kwenye bwawa la kufugia kamba.

Jambo alilolishika kuliko yote ni ukweli. Aliwafundisha vijana wa kazi hii, "Mgeni akikuuliza usilolijua, mwambie sijui, halafu mtafute jibu pamoja." Kijana mmoja, yupo hapa, simtaji, aliwaambia wageni kwamba daraja letu la kale lilijengwa na nyani kwa usiku mmoja. Marehemu alimvuta kando kwa sikio. "Mwanangu, nyani gani huyo? Kibali cha ujenzi alikipata wapi?"

Lakini ziara zake zote ziliishia nyumbani kwetu, mbele ya ule mstari, kama baba alivyozoea. Mwaka 2009 alikuja mzee mmoja Mholanzi, mhandisi wa mabwawa, ametoka kunywa chai kwa Lữ. Akautazama mstari, akatoka nje, akarudi, akatoa futi ya kupimia. "Mama," akasema, "maji ya 1964 kwa jirani yako yaliishia pale chini. Kwako yalipanda viganja viwili zaidi. Yaliwezaje, na ukuta ni mmoja?" Dada, mwenye jibu la kila swali, akaanza kurekebisha kofia yake. Nikamsaidia. Nikasema, "Maji ya kwetu yalikuwa na heshima zaidi." Wageni wakacheka. Yeye hakucheka.

Wageni walipoondoka akanionyesha mkwaruzo mdogo wa msumari chini ya mstari wangu. Aliuchora mwenyewe mwaka 1964, pale tope lilipoishia kweli. Sikuwahi kuuona.

"Út, nimewadanganya wageni wangapi?"

"Wamesharudi kwao, dada. Nani Uholanzi atakumbuka ukuta wetu?"

"Mimi nitaukumbuka. Nasimama pale kila siku."

Alitaka kusema siku ileile. Nikamsihi. Nilimwambia, "Nisitiri, dada. Lữ atanicheka mpaka kaburini." Akafikiri, akasema, "Haya. Mpaka mmoja wetu afe. Atakayebaki ndiye atakayesema." Nikakubali haraka sana, maana nilijua wanaume hutangulia. Tangu siku ile ziara zake ziliishia mlangoni, na mgeni akichungulia ndani, dada alisimama mbele ya mstari akauziba kwa kofia.

Mwezi Machi 2025 madaktari wa Đà Nẵng walimkuta na saratani ya ini. Alipokea habari ile kama alivyozoea kupokea mvua katikati ya ziara: aliuliza itachukua muda gani, kisha akaangalia kama kila mtu ana koti. Thục akashika baiskeli ya mbele. Marehemu alikaa kibarazani, na kila kundi likipita alihesabu wageni, akapaza sauti, "Thục, mmoja amebaki kwa muuza maembe!"

Mwishoni mwa Oktoba maji yakaja. Madhabahu yetu ya mababu ni ya mbao nzito na haipiti kwenye tundu la dari. Tunaipandisha ukutani kwa kamba. Thục akauliza, "Mama, tuifunge wapi?" Dada aliutazama mkwaruzo wake, akautazama mstari wangu, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Fungeni juu ya mstari wa mjomba wenu." Asubuhi tulipochungulia kutoka darini, maji yalikuwa yameupita ule mkwaruzo wa kweli kwa vidole vinne. Madhabahu ilikuwa kavu. Nyumba ya pili Lữ, aliyeifunga yake kwa mstari wa kweli, alikuwa anapunga vijiti vya ubani vilivyolowa.

Nikasema, "Dada, umeona! Mimi ndiye niliyewaokoa mababu!"

Alicheka mpaka Thục akamshika mgongo. "Umewaokoa kwa uongo," akasema. "Na ukijisifu kwenye msiba wangu nitakugongea kengele."

Sijajisifu. Nimesimulia tu.

Marehemu alifariki dunia Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, saa tano asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji, wakati kundi la Thục linarudi. Alikuwa na miaka 71, au 72 kwa hesabu yetu ya kuanzia tumboni.

Basi, sharti limetimia. Enyi watu wa Hội An: maji ya mwaka 1964 hayakufika kwenye mstari wetu. Niliuongeza mimi. Marehemu hakuongeza kitu maishani mwake.

Ameacha kibao alichokichonga shemeji kwa maneno yake mwenyewe: "Hapa maji hayakufika. Alifika Út peke yake, 1964, juu ya stuli." Kesho asubuhi, kabla wageni hawajaanza kupita, nitakipigilia ukutani, pembeni ya mstari wangu. Stuli ile bado ipo na inayumba zaidi kuliko mimi. Aliyekuwa akiishika ndiye huyu tunayemzika. Lữ, jirani yangu, maji yalitufika sawasawa. Cheka uchoke leo, halafu kesho uje unishikie stuli.

Marehemu ameacha mume, Bw. Huỳnh Sừ, watoto wawili, Thục na Khởi, mkwe mmoja, wajukuu watatu, baiskeli kumi na nne, na mdogo mmoja, mwongo aliyetubu.

Tumemchagulia kaburi kwenye mchanga ulioinuka, mbali na mto. Dada, pumzika kwa amani. Hapa maji hayafiki, na safari hii nimepima kweli.